Riva-Rocci, daktari wa tyubu ya baiskeli aliyetuachia mkanda wa presha

Mama anayelazwa na mtoto njiti hujifunza mambo mengi kwa macho kabla hajaelezwa. Huona mrija mwembamba wa puani, huona taa ya buluu ya kutibu manjano, na huona kitu kingine kinachomshtua kidogo: mkanda mdogo, hauzidi upana wa vidole viwili, umefungwa kwenye mkono au mguu wa mwanawe. Kila baada ya muda mkanda huo unajaa hewa wenyewe, unambana mtoto, kisha unalegea. Kwenye kioo cha mashine zinatokea namba tatu.

Wengi huuliza: Hivi na kichanga naye ana presha?

Anayo, ndugu msomaji. Kila mwenye moyo unaopiga ana presha, maana presha ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Kwa kichanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, kujua nguvu hiyo ni jambo kubwa. Ikishuka mno, ubongo na figo hukosa damu ya kutosha. Ikipanda mno, mishipa yake laini ya ubongo inaweza kupasuka. Na inawezekana kuijua bila kumchoma sindano kwa sababu ya daktari mmoja wa Italia aliyefariki mwaka 1937. Leo nakusimulia maisha yake, kwa kuwa ndani yake mna somo ambalo kila anayempima mtoto anapaswa kulijua.

Mtoto wa Almese

Scipione Riva-Rocci alizaliwa tarehe 7 Agosti 1863 katika mji mdogo wa Almese, kaskazini mwa Italia, si mbali na jiji la Turin. Wakati huo Italia kama dola moja ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na Turin ndiyo iliyokuwa makao makuu yake. Ilikuwa pia na chuo kikuu chenye sifa, na huko ndiko Riva-Rocci alikosomea udaktari hadi akahitimu mwaka 1888.

Baada ya kuhitimu alipata bahati ambayo madaktari vijana huiombea: mwalimu mzuri. Alikuwa msaidizi wa Carlo Forlanini, daktari aliyekuwa akipambana na kifua kikuu miaka mingi kabla dawa za ugonjwa huo hazijapatikana. Forlanini alibuni njia ya kuingiza hewa kati ya pafu na ukuta wa kifua, ili pafu linalougua lisinyae na kupumzika. Kazi hiyo ilihusu mambo ya hewa na mgandamizo kila siku, na msaidizi wake alizoea vipimo, mirija na pampu.

Palikuwa na swali lililowasumbua madaktari wa zama zile. Walijua kushika mapigo ya mkono kwa vidole. Daktari mzoefu aliweza kusema mapigo haya ni magumu, yale ni dhaifu. Lakini ugumu ule ni kiasi gani? Leo umezidi wa jana? Kidole hakina namba, na vidole vya madaktari wawili havikubaliani.

Kupima bila kukata

Si kwamba hakuna aliyekuwa amejaribu. Mwaka 1733 mchungaji wa Uingereza aliyependa sayansi, Stephen Hales, alichapisha taarifa ya jaribio lake juu ya farasi jike. Alimfunga, akamkata mshipa wa damu, akaingiza bomba jembamba lililounganishwa na mrija mrefu wa kioo. Damu ilipanda ndani ya mrija hadi kimo cha mita mbili na nusu hivi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza presha ya damu kuonekana kwa macho. Farasi hakupona.

Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1828, Mfaransa Jean Poiseuille aliufupisha mrija huo kwa kutumia zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji zaidi ya mara kumi na tatu. Ndiyo maana mpaka leo presha inatajwa kwa milimita za zebaki. Hata hivyo, mshipa bado ulilazimika kukatwa, na hakuna mgonjwa anayekubali kukatwa mshipa ili apimwe tu.

Wengine walitafuta njia ya kupima kwa nje. Samuel von Basch wa Vienna alitumia kifuko cha maji kilichokandamizwa juu ya mshipa wa kifundo cha mkono. Pale pale Turin, Angelo Mosso alibuni chombo kilichopima kwenye vidole. Vilifanya kazi kiasi, lakini vilikuwa vigumu kutumia, na majibu yake yalibadilika kulingana na mkono wa mpimaji.

Riva-Rocci alilitazama tatizo hilo kwa namna nyingine. Badala ya kuukandamiza mshipa katika nukta moja, ambapo unaweza kuteleza pembeni, kwa nini asiubane mkono mzima kuuzunguka? Tena asibane kifundo wala kidole, bali mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, ambako mshipa ni mkubwa na uko karibu zaidi na moyo.

Vifaa alivyotumia vinamfanya mtu atabasamu. Alichukua tyubu ya baiskeli, kidau cha wino cha kuwekea zebaki, bomba la shaba, mrija wa kioo na kipira cha kupulizia hewa. Tairi la upepo lilikuwa kitu kipya: John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, alikuwa amelitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Hivyo mpira uliotengenezwa ili mtoto asitikisike barabarani ukaja kuwa chombo cha tiba.

Namna ya kupima ilikuwa rahisi. Tyubu ilizungushwa mkononi na kujazwa hewa huku daktari ameshika mapigo ya kifundo kwa vidole. Hewa ikizidi kuliko nguvu ya damu, mapigo yanapotea. Hewa inapopunguzwa polepole, mapigo yanarudi. Urefu wa zebaki katika wakati huo ndiyo presha ya juu, yaani ile inayotokea moyo unapojikamua.

Mwezi Desemba 1896 alichapisha ugunduzi wake katika jarida la madaktari wa Turin. Alikuwa na miaka 33. Katika maelezo yake alionya pia kuhusu jambo ambalo hospitali zetu bado zinashindana nalo: hali ya akili ya mgonjwa huibadilisha presha. Mtu mwenye hofu mbele ya daktari hupanda kuliko alivyo kwake nyumbani.

Mgeni kutoka Baltimore

Mwaka 1898 Forlanini alihamia Pavia, na Riva-Rocci akamfuata. Huko Pavia ndiko chombo chake kilikopata mbawa. Mwaka 1901 alipita daktari kijana wa upasuaji kutoka Marekani, Harvey Cushing, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa mkubwa wa upasuaji wa ubongo. Aliona chombo hicho kikitumika kila siku kando ya vitanda vya wagonjwa, akakichora, akarudi na wazo hilo hadi hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Tangu hapo alitaka presha ya mgonjwa ipimwe na kuandikwa wakati wote wa upasuaji.

Si wote waliofurahi. Huko Boston, kamati ya madaktari wa Harvard iliona kwamba kidole cha daktari mzoefu bado kina manufaa kuliko mashine. Leo tunacheka, lakini tusicheke sana. Kila chombo kipya huonekana ni ujeuri kwa wale waliojifunza kuishi bila hicho.

Riva-Rocci mwenyewe hakukaa kuhesabu sifa. Mwaka 1900 alikuwa amekwisha pewa uongozi wa hospitali ya Varese, mji ulio karibu na mpaka wa Uswisi, na aliiongoza mpaka mwaka 1928. Karibu miaka 30 ya kazi ya wodini: wagonjwa, wauguzi, madaktari wanafunzi, bajeti. Alifariki Machi 1937 katika mji wa Rapallo, kando ya bahari, akiwa na miaka 73. Katika nchi kama Ujerumani na Uholanzi, mpaka leo mpimaji akiandika presha kwenye faili huweza kuandika herufi mbili tu, RR. Ni herufi za jina lake.

Kosa lililokuwa ndani ya mkanda

Hapa ndipo penye somo nililokuahidi. Mkanda wa Riva-Rocci ulikuwa na kasoro. Upana wake ulikuwa kama sentimita 4 hadi 5 tu, kwa sababu ndivyo tyubu ya baiskeli ilivyo. Mwaka 1901 daktari wa Strasbourg, Heinrich von Recklinghausen, alionyesha kwamba mkanda mwembamba hivyo ukifungwa kwenye mkono wa mtu mzima unatoa namba kubwa kuliko ukweli. Akashauri mkanda wa upana wa sentimita 12 hivi, na huo ndio mfano wa mikanda ya watu wazima tunayoiona leo.

Kwa nini mwembamba udanganye? Fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliofunikwa kwa godoro jembamba. Ukitaka kuyazuia maji kwa kubana na ncha ya kidole juu ya godoro, itabidi utumie nguvu nyingi, maana nguvu hiyo inatawanyika kabla haijaufikia mpira. Ukibana kwa kiganja kizima, maji yanasimama mapema. Nyama ya mkono ni kama godoro hilo. Mkanda mwembamba hudai hewa nyingi zaidi kabla haujaufunga mshipa, na mashine inasoma hewa hiyo kana kwamba ndiyo nguvu ya damu. Mkanda mpana kupita kiasi hufanya kinyume chake: husoma chini.

Kwa hiyo mkanda hauwi mzuri au mbaya peke yake. Unakuwa sahihi kwa mkono fulani.

Kutoka mkono wa mtu mzima hadi wa kichanga

Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, aliongeza jambo kubwa. Aliweka stetoskopu juu ya mshipa chini ya mkanda, akasikia sauti za damu inayorudi. Kwa sauti hizo tukapata namba zote mbili, ya juu na ya chini. Kwa watu wazima ikawa ndiyo njia ya dunia nzima.

Kwa kichanga ikagoma. Mshipa wake ni mwembamba mno na sauti zake ni hafifu mno kusikika kwa sikio la kawaida. Katika miaka ya 1950 madaktari walitumia njia ya kutazama rangi ya ngozi: kiganja au mguu wa mtoto ulifungwa bendeji mpaka damu ikatoka na ngozi ikapauka, mkanda ukajazwa hewa, bendeji ikafunguliwa, kisha hewa ikapunguzwa polepole mpaka ngozi irudie wekundu. Ilitoa namba moja tu, ya kukadiria. Baadaye kikaja chombo cha mawimbi ya sauti kinachosikia damu ikipita mahali ambapo sikio haliwezi.

Njia nyingine ni kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa kitovu na kupima presha moja kwa moja. Ndiyo inayoaminika zaidi, na kwa kichanga mahututi hutumika mpaka leo. Lakini ni kama kurudi kwa Hales: unaingia ndani ya mshipa. Mrija huo unaweza kuleta damu kuganda, kutoka damu au maambukizi.

Katika miaka ya 1970 zilianza kutumika mashine zinazojiendesha zenyewe, ambazo ndizo unazoziona wodini. Hazisikilizi sauti. Zinapunguza hewa ya mkanda taratibu huku zikihisi mtetemo mdogo unaosababishwa na kila pigo la moyo. Mtetemo unapokuwa mkubwa kuliko wote, hapo ndipo penye wastani wa presha. Namba ya juu na ya chini mashine huzikokotoa kutokana na mtetemo huo. Ndiyo maana madaktari wa vichanga huutegemea sana ule wastani, ambao kwa kawaida huandikwa ndani ya mabano kwenye kioo. Wengi wana kanuni ya haraka kwa siku ya kwanza: wastani usiwe chini ya umri wa mimba kwa wiki. Njiti wa wiki 28 basi, wastani wake utazamwe usishuke chini ya 28. Ni kanuni ya kukadiria tu. Daktari huangalia pia rangi ya mtoto, mkojo wake, joto la miguu na uchangamfu wake.

Namba za kichanga ni ndogo kuliko zetu, kwa hiyo mama asishtuke. Aliyetimiza miezi tisa, namba yake ya juu katika siku za kwanza mara nyingi huwa kati ya 60 na 80 hivi. Ya njiti huwa chini zaidi, na hupanda kadiri siku zinavyokwenda.

Kwa namba ndogo hivyo, kosa dogo ni kosa kubwa. Mtu mzima mwenye 130 akisomwa 138, pengine ataambiwa arudi wiki ijayo. Njiti mwenye wastani wa 24 akisomwa 32 kwa sababu mkanda ni mwembamba mno, ataonekana yuko salama wakati anahitaji msaada. Na yule mwenye 32 akisomwa 24 kwa sababu mkanda ni mpana mno, anaweza kuongezewa maji na dawa za kupandisha presha ambazo hakuzihitaji. Isitoshe, kwa njiti wenye presha ya chini sana mashine hizi zina tabia ya kusoma juu kidogo kuliko mrija wa ndani ya mshipa, hata mkanda ukiwa sahihi.

Upimaji unaostahili kuaminiwa

Kwanza, mkono upimwe mzunguko wake kwa tepu, na mkanda uchaguliwe ili upana wake ukaribie nusu ya mzunguko huo. Mikanda ya vichanga huja kwa saizi, kwa kawaida namba 1 hadi 5, na kila mmoja umeandikwa vipimo vyake.

Pili, mtoto awe ametulia au amelala. Anayelia, anayenyonya au aliyetoka kuchomwa sindano presha yake hupanda. Vizuri ipite saa moja na nusu baada ya kunyonyeshwa au kufanyiwa huduma ya kumsumbua. Mkanda ukishafungwa, aachwe atulie robo saa. Lile onyo la Riva-Rocci la mwaka 1896 kuhusu hofu linamhusu na asiyejua kusema.

Tatu, apimwe mkono wa kulia ikiwezekana, na vipimo visipungue vitatu vyenye dakika mbili hivi katikati. Kipimo cha kwanza mara nyingi hupanda kwa kuwa mkanda umemwamsha.

Nne, mkono ulinganishwe na mguu pale daktari anaposhuku ugonjwa wa moyo. Mkono ukiwa na presha kubwa kuliko mguu kwa tofauti ya wazi, huenda mshipa mkuu wa damu umebanwa mahali fulani, hali ambayo isipogunduliwa mapema huua.

Mama, nawe una nafasi yako hapo. Si vibaya kumuuliza muuguzi kwa heshima: Dada, huu mkanda ni saizi yake? Muuguzi mzuri hatakasirika. Ukiwa umembeba mwanao kifuani kwa kangaruu naye amesinzia, mwambie pia, maana huo ni wakati mzuri wa kupima. Na ukiona mkanda umeacha alama nyekundu isiyoondoka, au vidole vya mtoto vimebadilika rangi, toa taarifa mara moja.

Zebaki ya Riva-Rocci sasa inaondolewa hospitalini kwa sababu ni sumu. Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza, kuagiza na kuuza nje ya nchi vipima presha vya zebaki. Kidau cha wino hakipo tena, wala bomba la shaba. Kilichobaki ni mkanda.

Sasa chukua hesabu hii. Mkono wa kichanga aliyetimiza miezi tisa una mzunguko wa kama sentimita 10. Nusu yake ni sentimita 5. Tyubu ile ya baiskeli, iliyokuwa nyembamba mno kwa mkono wa mtu mzima na kumpa Riva-Rocci namba zisizo sahihi, ingekuwa na upana unaomfaa mtoto huyo.